Ruzuku Iliyoliwa na Kondoo

Barua ya kudai pesa ilipofika kwenye shamba la kondoo la Hafod Las, pesa zenyewe zilikuwa zimeshaliwa, na waliozila walikuwa nyuma ya nyumba, wamesimama kwenye tope wakicheua. Gethin Puw aliifungua palepale kwenye mlango wa nyuma bila kuvua buti, akidhani ni bili ya umeme. Aliisoma mara mbili. Kisha akamwita binti yake kwa majina yake yote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti huyo alipovunja kioo cha trekta akiwa bado mtoto.

"Mabli Eluned Puw! Njoo hapa."

Mabli akatokea jikoni, taulo begani, mikono inanuka sabuni. Alikuwa na miaka ishirini, na ulikuwa mwezi wa pili tangu arudi nyumbani kutoka chuo kikuu kule kusini, alikokuwa akisomea ufamasia. Aliiona ile bahasha akajua.

"Hawa wa mikopo ya wanafunzi wanakudai," alisema Gethin. "Na wala si ule mkopo. Wanasema msaada. Msaada gani tena unaodaiwa?"

"Ruzuku, Baba. Wanailipa mwanzoni mwa muhula. Ukiondoka katikati, sehemu ambayo hukuisoma wanaitaka irudi."

"Lini?"

"Sasa. Mkopo unasubiri mpaka nipate kazi ya maana. Ruzuku haisubiri."

Gethin akageuka akawatazama kondoo wake. Walikuwa wamenenepa, matumbo mazito, wako karibu kuzaa. Mvua ya kiangazi kilichopita ilikuwa imeozesha majani mabondeni kabla hayajakaushwa, na ilipofika Januari ghala la Hafod Las lilikuwa na panya wengi kuliko majani. Ndipo alipompigia simu binti yake chuoni, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, akamwomba amkopeshe. Mabli alikuwa ameingiziwa ruzuku ya muhula wiki ileile. Akalipa kodi ya chumba, akajibakizia ya chakula, iliyobaki akaituma yote. Marobota ya majani yakaja kwa lori kutoka ng'ambo ya mpaka wa Uingereza, na kondoo wakapona.

"Kwa hiyo," alisema Gethin taratibu, "nimewalisha kondoo wangu karo yako."

"Si karo, Baba. Ruzuku."

"Kondoo hawajui tofauti."

Angecheka siku nyingine. Siku ile aliikunja barua akaitia mfukoni mwa koti, akaenda zake kukagua ua wa mlimani, na hakurudi mpaka chai ikapoa.

* * *

Shangazi Menna ndiye aliyeleta lile wazo. Huyu alikuwa dada yake Gethin, mwenye duka la samaki na chipsi mjini Bala, mwanamke mnene wa sauti kubwa asiyeweza kuona tatizo limesimama bila kulitafutia kiti. Alifika Jumapili baada ya ibada, akajikatia kipande kinene cha keki ya zabibu, akaisoma barua mpaka kwenye yale maandishi madogo ya nyuma ambayo wenzake walikuwa hawakuyafikia.

"Nyie watu hamsomi?" alisema. "Hapa pameandikwa: mwanafunzi aliyeacha masomo kwa ugonjwa, kufiwa, au sababu nyingine nzito, awasiliane na ofisi, kesi yake itaangaliwa upya. Kufiwa! Mabli, wewe umefiwa na nani? Paka?"

Eluned, mama yake Mabli, alikuwa amezikwa Juni iliyopita. Alikuwa mpishi wa shule ya kijiji; nusu ya vijana wa bonde lile walikuwa wamekua kwa uji wake na ukali wake. Saratani ilimchukua kidogo kidogo, na jikoni kabati moja lilikuwa bado limejaa maboksi ya vidonge vyenye jina lake, ambavyo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvirudisha duka la dawa.

"Daktari Tudur atakuandikia barua," aliendelea Menna. "Yeye ndiye aliyemtibu mama yako. Mtoto anasomea dawa, mama yake anakufa na dawa mkononi, mtoto anashindwa kuvumilia darasa. Jamani, hata jiwe lingelia! Watafuta deni lote."

"Wanaweza kulifuta?" aliuliza Gethin. Sauti yake ilikuwa imepata uhai.

"Au kulipunguza. Atakayekataa hana mama."

Gethin akamtazama binti yake. Mabli alikuwa anaokota makombo ya keki mezani kwa ncha ya kidole, moja moja.

"Nitapiga simu kesho," alisema.

Kesho yake alipiga. Aliiweka simu mezani, spika wazi, kwa kuwa baba yake aliomba asikie. Walingoja muda mrefu, muziki ukijirudia, mpaka akapokea mama mmoja mwenye sauti ya upole aliyezungumza Kiwelisi cha kusini, kile kinachowachekesha watu wa kaskazini. Akauliza jina, tarehe ya kuondoka chuoni, kozi. Kisha akauliza, pole pole kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango:

"Mpenzi, kabla hatujaendelea. Kuna jambo lolote lililokupata likakufanya uondoke? Ugonjwa? Msiba nyumbani?"

Gethin, upande wa pili wa meza, aliitikia kwa kichwa. Aliitikia tena, kwa nguvu.

Mabli alifungua mdomo. Alimwona mama yake waziwazi, aproni ya shule, mikono kiunoni. Alijua kwamba neno moja lilitosha, na kwamba neno lenyewe lilikuwa la kweli, lina cheti na lina kaburi.

"Hapana," alisema. "Niliondoka kwa sababu sikuipenda kozi."

"Una uhakika?" aliuliza yule mama. "Sikuharakishi. Watu wengine wanahitaji muda wa kufikiri."

"Nina uhakika. Naomba kujua nalipaje."

Gethin akainuka. Kiti kilianguka nyuma yake na hakukiokota.

* * *

Msimu wa kuzaa ulianza wiki ileile, na baba na binti wakafanya kazi bega kwa bega kama maadui waliofungwa jela moja. "Shika hapa." "Lete iodini." "Huyu ana mapacha." Zaidi ya hayo, hapakuwa na maneno. Jioni za Ijumaa na Jumamosi Mabli aliteremka Bala kukaanga chipsi kwa shangazi yake, ambaye naye alikuwa amenuna, ila Menna alikuwa hawezi kununa bila kuongea.

"Unajua kiburi kinauzwaje?" alisema akimpaka samaki unga. "Kwa bei unayolipa wewe."

Wateja ndio waliokuwa wabaya zaidi. Habari zilikuwa zimezagaa kwamba binti wa Hafod Las ameacha chuo, na kila kijana aliyesukuma mlango alikuja na lake.

"Mfamasia! Nipe chipsi, moja mara tatu kutwa, baada ya chakula."

"Hizi zina madhara gani, daktari? Zitanilevya?"

"Zikikuzidi mwone mama yako," alijibu Mabli, na duka zima likacheka, naye akacheka, kisha akaenda nyuma kumenya viazi vilivyokuwa vimeshamenywa.

Huko nyuma, kwenye baridi na harufu ya siki, alijiuliza juu ya lile jibu alilolitoa kwenye simu. Ni kweli hakuipenda kozi? Ni kweli. Wiki ya kwanza tu alijua. Wenzake waliongea juu ya molekuli kama watu wanaosimulia habari za ndugu zao. Yeye alizikariri kama mtu anayebeba mawe ya jirani. Lakini kama mama angekuwa mzima, si angezoea? Si watu huzoea? Hakujua. Alichojua ni kwamba kuna mambo mawili yaliyokaa karibu sana ndani yake, kifo cha mama na kuondoka kwake chuoni, na kila mtu alitaka kuyafunga kamba moja kwa kuwa yaliotea shamba moja.

* * *

Mambo yalipasuka alasiri moja ya Aprili, mvua inapiga bati la banda. Kondoo jike mmoja, mzazi wa mara ya kwanza, alikuwa anahangaika tangu asubuhi. Gethin alikuwa amejaribu akashindwa. Mikono yake ilikuwa mikubwa mno. Mabli akapiga magoti kwenye majani, akapaka mafuta, akaingiza mkono taratibu, macho kayafumba ili vidole vimwonee.

"Kichwa kimerudi nyuma," alisema.

"Kitafute." Gethin alikuwa ameshika kichwa cha kondoo mapajani. Kisha, bila kumtazama, akalitoa lililokuwa limemkaa rohoni: "Neno moja tu, Mabli. Ungesema, 'Mama yangu alikufa.' Ni uongo? Hakufa?"

"Alikufa."

"Basi! Uongo uko wapi?"

"Sikuondoka kwa sababu hiyo."

"Na nani angejua? Wafu hawapigi simu maofisini." Sauti yake ilikuwa imepanda, kondoo akatikisika. "Mimi ndiye niliyeila ile pesa. Mimi! Sina ya kukurudishia mpaka wana-kondoo wauzwe, na ukakataa mlango uliofunguliwa ukiwa unanitazama usoni. Umenifanya niwe baba anayemla mwanawe."

Mabli alikuwa amekishika kichwa cha yule mwana, kimepinda kama mlango usiotaka kufunguka. Hakuweza kuondoka wala kugeuza uso. Labda ndiyo maana alisema.

"Baba, nilitaka kuacha mwaka wa kwanza. Krismasi ile nilipokuja nyumbani nilimwambia Mama. Nilimwambia sirudi."

"Hakuniambia."

"Aliniomba nisikwambie. Alisema, 'Vumilia mwanangu. Sidhani nitafika kiangazi. Niache niondoke nikijua uko chuoni, halafu ufanye utakalo.' Ndiyo nikarudi. Nilikaa chuoni kwa sababu yake. Sasa nikisema niliondoka kwa sababu yake, nitakuwa nimepindua kila kitu. Ni yeye aliyenibakiza."

Mvua iliendelea. Gethin hakuuliza habari ya pesa wala ya chuo.

"Krismasi?"

"Ndiyo."

"Krismasi alipika bata bukini. Aliimba kanisani, sauti ya pili, yeye na Menna." Alikuwa anaongea kama mtu anayepapasa ukuta gizani. "Mimi aliniambia matibabu yanakubali. Alisema mpaka kiangazi atakuwa anapanda mlima. Nilinunua… nilimnunulia buti mpya, Mabli. Za kupandia mlima."

"Najua."

"Kila alipokwenda kwa daktari nilimpeleka. Nilikuwa nabaki ndani ya gari na mbwa. Alisema mahospitali yananitoa jasho, nibaki tu. Nikabaki."

Mabli alitamani kuyarudisha maneno. Hakuwa amefikiria kwamba siri ile ilikuwa na upande mwingine, wenye makali, na kwamba kwa kujisafisha yeye angemkata baba yake. Akafungua mdomo kuomba radhi, lakini kichwa cha mwana-kondoo kikageuka ghafla vidoleni mwake, miguu ikafuata, na mwana akatelezea kwenye majani, wa manjano, hapumui.

Gethin akamnyakua. Alimfuta pua, akamsugua mbavu kwa majani, akamshika miguu ya nyuma akambembeza hewani mara mbili tatu kama mtu anayekung'uta koti. Mwana akakohoa. Gethin akamlaza mbele ya mama yake, akatoka nje, akasimama mvuani bila kofia.

Mabli alibaki bandani akimtazama kondoo akilamba. Baba yake aliporudi, maji yanamtiririka nyusini, aliketi juu ya robota, mojawapo ya yale yaliyobaki kutoka Uingereza.

"Mama yako alifanya vizuri," alisema. "Angeniambia mimi, ningekuwa namtazama kila siku kama mtu anayetazama saa. Asingepika bata. Asingeimba." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini ningependa kuambiwa."

"Samahani, Baba."

"Si wewe. Wewe ulibeba ulichopewa." Akamtazama binti yake, damu na mafuta mpaka kiwikoni, na kwa mara ya kwanza tangu ile barua alitabasamu, ingawa kwa upande mmoja tu. "Mwaka mzima na nusu kwenye kozi usiyoipenda. Una kichwa kigumu kama cha mama yako. Ofisi hiyo ikupe nishani badala ya kukudai."

"Hawana fomu ya nishani."

"Majani nitalipa mimi," alisema. "Wana-kondoo wakiuzwa. Hilo usibishe."

Hakubisha.

* * *

Ofisi ilikubali alipe kidogo kidogo, kila mwezi. Mabli alilipa kwa chipsi mpaka Mei, na Juni ilipoingia akajiunga na kikosi cha wanyoaji wa kondoo kinachozunguka mashamba. Mwanzoni alikuwa wa kuviringisha manyoya tu, akiyafunga na kuyashindilia kwenye magunia. Mnyoaji mmoja alipoumia bega, wakampa mashine, nusu kwa mzaha.

Kondoo wa kwanza alimpiga teke akamwangusha chali. Wa pili alimaliza akiwa amechakaa kama godoro la kale. Mgongo ulimuuma mpaka akawa anashuka ngazi kinyumenyume.

"Mfamasia, si ujiandikie dawa?" walimtania.

"Dawa yako ni kunyamaza, na hutaimeza."

Lakini mwishoni mwa Julai manyoya yalikuwa yanatoka mikononi mwake kipande kizima, kama koti analolivua mtu akifika nyumbani, na waliomtania walianza kumwekea nafasi kwenye mstari bila kuulizana. Hakusema kwamba hii ndiyo kazi aliyoumbiwa. Alishawahi kusikia watu wakisema hivyo juu ya ufamasia. Alisema tu kwamba jioni alilala, na asubuhi hakuamka na jiwe kifuani.

Shangazi Menna alichelewa kusamehe. Siku moja mwezi wa Agosti alimwekea samaki mkubwa kuliko wote, akamkalia mbele.

"Gethin ameniambia. Ya Krismasi." Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa sababu ya vitunguu. "Niliimba naye siku ile. Bega kwa bega. Sikuhisi kitu. Na mimi ndiye niliyekwambia umtumie kama kuponi ya dukani."

"Ulitaka kunisaidia, Shangazi."

"Nilitaka. Kula kabla hajapoa."

Oktoba wana-kondoo wakapelekwa mnadani. Bei haikuwa nzuri wala mbaya. Ilikuwa bei ambayo wakulima huilaani kwa sauti na kuipokea kwa haraka. Gethin alirudi na noti ndani ya mfuko wa mkate, akauweka mezani mbele ya Mabli.

"Hesabu."

"Baba, nakuamini."

"Hesabu, bwana! Nilikopa, sikuomba sadaka."

Mabli akahesabu. Ilikuwa kamili, mpaka nauli ya lori. Alifikiria kumrudishia nusu, akaona jinsi alivyosimama, kifua mbele, akingoja kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani, akajua kwamba kuzirudisha kungekuwa kumtukana. Akazitia mfukoni.

"Ahsante. Tumemalizana."

Gethin akashusha pumzi, akavaa kofia, akatoka.

Mabli akapiga simu kulipa salio lote. Safari hii alipokea kijana mmoja aliyekuwa akitafuna kitu, akagonga gonga kompyuta yake, akasema deni limekwisha. Halafu, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kusema, akaongeza kwamba akitaka kurudi kusoma siku yoyote, bado kuna miaka ya msaada ambayo hajaitumia.

"Hata kozi nyingine?"

"Hata nyingine, dada. Hata ya kucheza ngoma, ikiwa chuo kinatambuliwa."

Akamshukuru. Nje, Gethin alikuwa amembana kondoo dume kwenye kona ya ua, anampaka rangi ya bluu kifuani, ile inayowaacha majike na alama ili mkulima ajue nani amepandwa. Dume alikuwa hataki. Rangi ilikuwa imeshafika kwenye ndevu za Gethin.

"Shika pembe," alisema. "Wamesemaje?"

"Deni limekwisha. Na wanasema naweza kurudi kusoma nikitaka. Chochote."

Gethin aliendelea kupaka. "Na wewe umesemaje?"

"Sijasema. Kikosi kinakwenda New Zealand mwezi wa kumi na mbili kunyoa, wameniuliza kama nitakwenda. Labda niende. Labda baadaye nisome kitu. Sijui, Baba. Kweli sijui."

"Kutokujua si dhambi." Akanyoosha mgongo, akamtazama, uso una madoa ya bluu. "Nenda popote, soma chochote, acha chochote. Lakini siku utakayotaka kuacha, njoo uniambie mimi. Hata kama ni Krismasi."

"Nitakuja."

"Nitakuwa ndani ya nyumba, si ndani ya gari."

Dume alikuwa ameona nafasi. Aliruka, akawaburuta wote wawili hatua kadhaa kwenye tope, baba akitukana kwa Kiwelisi safi cha kanisani, binti akicheka na kushikilia, mpaka wakamfungulia lango, naye akateremka mbio kuelekea kwa majike waliokuwa wakila bondeni.